Kiungulia baada ya kumeza alendroneti
Pole dada. Kiungulia unachosema humpata mama yako kila Jumapili anapomeza kidonge cha alendroneti (dawa ya kuimarisha mifupa) cha miligramu 70 ni kero inayojulikana, kwa sababu dawa hiyo huunguza umio inapokwama njiani. Akimeze asubuhi kabla hajala chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu (chai hapana, hata ya rangi), kisha akae wima au atembee kwa dakika 30 ndipo anywe chai. Akisikia maumivu anapomeza chakula, aache dawa na amwone daktari, ambaye anaweza kumhamishia kwenye dripu ya dawa ya mifupa ya mara moja kwa mwaka iwapo figo zake ni nzima. Maumivu mapya ya paja nayo msiyasingizie uzee, huenda yanatokana na dawa hii; mwambieni daktari.