Kumwagilia mti wa hothoni unaochanua: ndoo mbili, bisibisi moja, na subira

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Mwishoni mwa Aprili tulinunua na kupanda mti wa hothoni (kwa Kiingereza hawthorn) kutoka kitaluni, aina ya Winter King, wenye shina la kipenyo cha sentimita 5 hivi, mizizi yake ikiwa ndani ya bonge la udongo lililofungwa kwa gunia. Katikati ya Mei ulichanua maua meupe ya kupendeza, lakini baada ya siku kumi yote yalipukutika. Sasa ni mwanzo wa Julai, na baadhi ya majani yanageuka njano na kuanguka. Tunaumwagilia kila jioni kwa dakika kumi, kwa kinyunyizio kilekile cha nyasi za uani, kama nilivyozoea kumwagilia mchicha nyumbani Morogoro. Je, maji tunayotoa ni machache au yamezidi?

JIBU: Marahaba. Nianze na maua, kwa sababu hayo hayana tatizo. Ua la hothoni halidumu. Wiki moja hadi mbili zikipita, petali huanguka hata kwenye mti wenye afya kamili uliotimiza miaka thelathini. Kupukutika huko hakukusababishwa na kiu, na maji ya ziada yasingeyazuia. Majani ya njano mwezi Julai ni jambo jingine, na ndiyo yaliyonifanya nijibu kwa kirefu.

Umeuliza kama maji ni machache au yamezidi. Kwa mti uliopandwa kama wenu, inawezekana yote mawili yakawa kweli kwa wakati mmoja. Mti uliochimbwa shambani na kufungwa gunia huacha sehemu kubwa ya mizizi yake huko ulikotoka. Mizizi iliyobaki imo ndani ya bonge, na kwa miezi ya kwanza mti hunywa maji yaliyomo ndani ya bonge hilo peke yake, hata kama udongo wa pembeni umelowa. Maeneo mengi ya Columbus yana udongo mzito wa mfinyanzi, ambao hupitisha maji polepole mno. Matokeo yake, shimo mlilolichimba linaweza kuwa kama sufuria: mvua kubwa ikinyesha, maji hutuama chini na kuinyima mizizi ya chini hewa, huku katikati ya bonge, hasa siku za joto la Julai, kukiwa kumekauka kabisa. Kinyunyizio cha dakika kumi hakiondoi hali hiyo. Hulowesha sentimita mbili au tatu za juu, nyasi zikazinywa kwanza, na kinachobaki hupotea kwa jua la kesho yake.

Hapo ndipo mchicha unapotofautiana na mti. Mizizi ya mchicha iko karibu na uso wa udongo, kwa hiyo maji kidogo ya kila siku huifikia. Mti unaomwagiliwa kwa mtindo huo hubaki na mizizi ya juujuu, na wiki moja ya jua kali bila mvua inatosha kuutikisa.

Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha kiasi cha maji, upimeni udongo. Chukueni bisibisi ndefu, muichome ndani ya bonge lenyewe, sentimita 20 hivi kutoka kwenye shina, kisha muichome tena nje ya ukingo wa shimo. Ikiingia kwa urahisi hadi sentimita 15, kuna unyevu. Ikikataa kuingia, udongo umekauka. Kisha chimbueni udongo kidogo kutoka kina hicho kwa mwiko wa bustani na kuufinya kiganjani. Ukitoa maji kati ya vidole au ukiwa na harufu ya uvundo, msimwagilie. Ukishikamana bila kuchuruzika, uko sawa. Ukivunjika na kuwa vumbi, mti una kiu. Majani nayo husaidia, ingawa si shahidi wa kutegemewa peke yake: jani lenye kiu kwa kawaida hukauka na kuwa la kahawia kuanzia kingoni na huvunjika likiguswa, ilhali jani la mti ulioelemewa na maji hugeuka njano likiwa bado laini. Mti wenye kiu na mti ulioelemewa na maji yote hunyauka, kwa kuwa mizizi isiyopata hewa haiwezi kunyonya maji hata ikiwa imezama ndani yake. Nimeona watu wengi wakiuona mti umenyauka juu ya udongo uliolowa, wakauongezea maji hadi ukafa.

Sasa kiasi. Kwa shina la sentimita 5, katika wiki hizi mbili zijazo, mpeni mti nusu ya ndoo ya lita 20 kila baada ya siku mbili au tatu, ikielekezwa juu ya bonge. Baada ya hapo mtakuwa mmetimiza wiki kumi na mbili tangu mpande, na mnaweza kuhamia kwenye ndoo mbili mara moja kwa wiki, moja juu ya bonge na nyingine ikizunguka ukingo wake ili mizizi mipya ivutwe kwenda nje. Vipimo hivi ni vya kuanzia. Bisibisi ikiwaambia kwamba udongo bado umelowa, ahirisheni. Maji yaende taratibu. Njia ninayoipenda kuliko vifaa vyote vinavyouzwa madukani ni kutoboa matundu mawili madogo chini ya ndoo ya plastiki, kwa msumari mwembamba, kuiweka karibu na shina na kuiacha itiririke yenyewe mkiendelea na shughuli zenu. Mkitumia mpira wa maji, ufungulieni kidogo tu. Maji yakianza kukimbia juu ya ardhi, yanakwenda kwa jirani.

Mvua nayo ihesabiwe. Milimita 25 za mvua kwenye duara lenye kipenyo cha mita moja ni karibu lita 20, yaani ndoo yenu moja. Wekeni kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi na mlipime kwa rula. Wiki ambayo kopo limekusanya milimita 25, punguzeni ndoo moja. Kopo hilohilo likiwekwa chini ya kinyunyizio chenu kwa dakika kumi litawaonyesha jinsi maji hayo yalivyo machache.

Kuhusu jioni na kinyunyizio, nina sababu ya pili ya kuvikataa. Hothoni, ambayo kwa Kilatini huitwa Crataegus, ni ndugu wa mtofaa na waridi, na kama ndugu zake husumbuliwa na kuvu wa majani. Upo ugonjwa wa madoa unaosafiri kwa matone yanayoruka kutoka jani hadi jani, na majani yakilala na maji usiku kucha huupa nafasi. Upo pia ugonjwa wa kutu, ambao huacha madoa ya rangi ya machungwa. Huu ni tofauti na kutu ya majani ya kahawa mliyoisikia nyumbani, kwa kuwa kuvu wake huishi kwa zamu kati ya hothoni na miti ya jamii ya mwangati, ambayo imejaa Ohio, na huenezwa zaidi na mvua za majira ya kuchipua kuliko na mpira wenu. Hata hivyo, hakuna sababu ya kuurefushia unyevu. Mwagilieni asubuhi, udongoni, majani yabaki makavu. Kama majani yenu ya njano yana madoa, ondoeni yaliyoanguka chini. Na kama yana mishipa ya kijani katikati ya njano, chanzo huenda ni udongo wenye chokaa nyingi unaouzuia mti kupata madini ya chuma, na hapo maji hayatatibu.

Wekeni matandazo ya vipande vya mbao kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, na kuyaacha wazi kiganja kimoja kuzunguka shina. Mkiwa hapo, angalieni kama sehemu ya chini ya shina, pale linapopanuka kuingia mizizi, inaonekana. Ikiwa imefukiwa, ifukueni kwa mkono. Mbolea isubiri mwakani.

Msilegee mwezi Agosti kwa kudhani kwamba msimu wa maua umepita. Kama ilivyo kwa mtofaa, vichipukizi vya maua ya Mei ijayo hutengenezwa majira haya ya joto, na mti uliobanwa na ukame sasa huwa na machache ya kuonyesha mwakani. Kwa mti wa ukubwa wa wenu, tegemeeni kuuhudumia hivi kwa misimu miwili hadi mitatu. Baada ya hapo hothoni ni mti mvumilivu. Huko Uingereza jamaa zake wamekuwa uzio wa mashamba kwa karne nyingi bila mtu kuwabebea ndoo. Wenu mtaulowesha katika ukame mrefu tu, mara moja kila wiki mbili, chini ya ukingo wa matawi badala ya shinani, hadi kina cha sentimita 20 au 30.

Majani yakipukutika yote mwezi Oktoba au Novemba, endeleeni kuupima udongo kwa bisibisi na kumwagilia ukikauka, kwa sababu mizizi hufanya kazi hata baada ya matawi kuwa uchi. Siku bisibisi itakapogonga udongo ulioganda kwa baridi, ndoo zirudi ndani hadi ardhi iyeyuke.