Barua kwa mwanangu Rukia: aliyepelekwa haulizwi

Mwanangu Rukia,

Assalamu alaykum. Hapa Kibokoni tu wazima, ila goti la babako. Umeniuliza kama watu wa Mombasa waliwahi kuzipinga nyumba za kurekebishia vijana, ambamo mtoto huingizwa kwa nguvu na kufungiwa, au kama rai imegeuka juzi tu, baada ya huko kwenu Marekani kupitishwa sheria ya kuzichunguza mwezi Desemba 2024. Nami nitakujibu ni nani aliyekuwa akiulizwa, kwani hilo ndilo ninalolijua.

Alikuwa akiulizwa mzazi. Mzazi ambaye mwanawe alikuwa akiuza sufuria za nyumbani apate unga wa kulevya, na sasa analala usingizi, atakwambia kuwa nyumba ile ni rehema, naye hasemi uongo. Huko kwenu pia ilikuwa hivyo. Mwaka 1974 ripoti ya kamati ndogo ya Seneti ilizifananisha mbinu za The Seed, mpango wa vijana wa Florida, na zile walizofanyiwa mateka wa vita vya Korea; na bado miaka miwili baadaye Straight, mpango mwingine wa namna hiyo, ikaanzishwa katika jimbo lilo hilo, na mwaka 1985 Nancy Reagan akamchukua Diana, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, kwenda kuizuru. Straight haikufungwa hadi 1993. Habari zilikuwapo, Rukia, lakini waliosikilizwa ni wazazi waliokuwa wakishukuru.

Salim wa ami yako unamkumbuka alivyochukuliwa alfajiri, mikono imefungwa kwa kamba ya chandarua. Usilolijua ni la Idi iliyofuata, kwa sababu nyinyi watoto mlikuwa mmeshapelekwa Makadara kwenye bembea. Ami yako alimtoa Salim barazani awamiminie wageni kahawa, kichwa kimenyolewa, na kila alipolitua dele alimtazama babake kwanza ndipo akaketi. Wageni wakasema mashallah, mtoto amenyooka. Nikasema mbele yao: mbona hamumwulizi mwenyewe? Ami yako akanijibu, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nawe shemeji Mungu amekujaalia mabinti watupu." Baraza zima likacheka, babako akiwemo, ingawa mpaka leo anadai kuwa alikuwa akikohoa.

Hata hivyo, usiku Salim alipomtolea mamake kisu, mimi ndiye niliyelala na yule mama, na ninajua jinsi alivyotetemeka hadi asubuhi. Methadoni, dawa ya kuwatibu watumiaji wa heroini, haikufika Pwani hadi 2015. Ami yako angempeleka wapi? Kwa hakimu, utasema, ampeleke Shimo la Tewa, kwenye borstal, jela ya kurekebishia vijana. Waingereza waliotuletea mfumo huo wa borstal waliufuta kwao kwa sheria ya mwaka 1982, nasi tungali nao, wala siusifu. Lakini huko angalau kijana husomewa shtaka, na amri ya hakimu haizidi miaka 3. Nyumba aliyofungiwa Salim haikuwa na shtaka wala muda, na aliyeamua kwamba amepona au hajapona ni yule yule aliyepokea ada kila mwisho wa mwezi. Hapo ndipo huruma yangu kwa ami yako huniishia, kisha nikimwona akitembea kwa mkongojo kwenda msikitini, hunirudia.

Kwa hiyo rai imegeuka, naam, na iligeuka pale waliofungiwa walipokua na kusema. Paris Hilton, yule mwanamke maarufu wa huko Marekani, aliposimama mbele ya kamati ya Seneti ya jimbo la Utah mwaka 2021 kueleza aliyotendewa katika nyumba kama hizo akiwa kijana, alikuwa na miaka thelathini na tisa, tena mtoto wa matajiri. Wa kwetu nani atamwita mbele ya kamati? Narudia yale yale: aliyepelekwa haulizwi.

Kama ami yako alikosea, usinibane niseme. Ninalo la kusema, na ulimi unaniwasha, lakini yeye ni mkubwa wetu na Salim mwenyewe hajalitamka.

Huyo jirani yako anayetaka kumleta mwanawe huku kwenye nyumba hizo, mwambie asikate tikiti kwanza. Nimemwomba Salim naye amekubali: ampigie simu baada ya sala ya Isha kwa saa zetu, amwulize lolote. Ami yako asijue.

Mamako