Geji ya dashibodi inapima maji, haipimi mafuta

Wanaotaka kuendesha gari la dizeli kwa mafuta yaliyokaangia chipsi huniuliza kwanza habari ya tangi la pili, lile la kuwekea mafuta hayo, maana gari huwashwa na kuzimwa kwa dizeli. Mimi huwarudisha kwenye mipira ya maji ya enjini, maana maji hayo ya moto ndiyo hupasha mafuta, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Gari langu ni Hilux kuukuu yenye enjini ya 2L, ile ambayo moto huanzia katika chumba kidogo kando ya silinda. Enjini za namna hiyo huvumilia mafuta ya mimea. Zile za kisasa za komon reli, ambazo nozo zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa, usiziguse, hata ukiahidiwa nini.

Mafuta mengi ya kukaangia hapa Nairobi ni ya mawese. Fungua mtungi asubuhi ya Julai, baridi ikiwa nyuzi 11 hivi, uone yalivyoganda. Hata yakiyeyuka, kwa nyuzi 40 bado ni mazito kuliko dizeli karibu mara kumi. Pampu huyavuta kwa taabu, na nozo, ncha zinazoyaingiza ndani ya enjini, huyadondosha badala ya kuyapuliza kama ukungu. Yakifika 70 hulegea vya kutosha. Joto hilo unalo bure: thamostati, vali inayosubiri maji yapate moto, ikishafunguka, maji ya enjini huzunguka yakiwa na nyuzi 80 hadi 90.

Julai moja nilitoka Kangemi nikipanda kwenda Limuru. Sindano ya geji ilipofika katikati tu, nikageuza swichi kutoka dizeli kwenda kwenye mafuta. Kabla ya Kikuyu gari likalegea, likatoa moshi mweupe, likazima. Nilipofungua filta nikakuta imejaa kitu kama siagi. Mpira wa maji ulikuwa unaunguza, na bomba la mafuta, umbali wa kiganja kutoka hapo, lilikuwa baridi kabisa. Kumbe maji yalikuwa tayari, mafuta hayajapata habari.

Tangu siku hiyo nina kipimo cha joto kwenye bomba la mafuta lenyewe, mahali yanapoingia pampu, na sigeuzi swichi kabla ya 70. Huo ndio ushauri wangu mkubwa. Ukikosa pesa ya vingine, hicho usikikose.

Maji ya kupashia mafuta niliyachukua kwenye mipira ya hita ya ndani ya gari. Yakiwa bado ya moto kabisa hupita kwanza kwenye kipasha mafuta kilicho karibu na pampu, kisha filta, halafu yanashuka hadi koili, yaani bomba lililozungushwa ndani ya tangi la mafuta, na kurudi enjini. Bomba la mafuta lisiwe la shaba, kwani shaba huharakisha mafuta kuwa gundi; mimi nilinunua la alumini Kirinyaga Road. Ukimaliza kufunga, toa hewa yote kwenye mfumo, enjini ikiwa imepoa. Hewa iliyobaki huzuia maji kuzunguka, na enjini inaweza kuchemka huku kipasha kikiwa baridi.

Rudi kwenye dizeli dakika tatu hivi kabla ya kuzima, ili mafuta yasigandie ndani ya pampu. Ukiona foleni ya Uthiru haisogei na hujui utazima lini, rudi mapema.

Kila Jumamosi, kabla sijawasha, natazama chupa ya maji ya rejeta. Nikiona utando wa mafuta juu ya maji, au maji yamepungua bila kuvuja chini, gari linabaki kwenye dizeli mpaka koili ifunguliwe na kukaguliwa.