Kwa nini wanasema yafutwe

Ndugu, umeuliza kwa nini baadhi ya Wamarekani Weusi wanataka magereza yafutwe kabisa, si yarekebishwe. Itazame Angola, gereza kuu la jimbo la Louisiana, Marekani. Zamani lilikuwa shamba la watumwa, na jina ni lile lile. Mpaka miaka hii wafungwa, wengi wao Weusi, wanalima na kuchuma juani kwa senti chache kwa saa, huku askari wenye bunduki wakiwasimamia. Na katiba inaruhusu! Marekebisho ya 13, ya mwaka 1865, yalipiga marufuku utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa. Jimbo hilo hilo lilikuwa likimfunga mtu maisha hata kama raia 2 kati ya 12 walioketi kusikiliza kesi wamekataa kumtia hatiani. Sheria hiyo ilitungwa 1898 ili sauti ya Mweusi mmoja au wawili walioketi kati ya hao 12 isihesabike, na wapiga kura wakaiondoa 2018 tu. Sasa hapo unarekebisha nini? Wanaotaka yafutwe hawasemi milango ifunguliwe kesho. Wanataka fedha ziende kwenye makazi, shule na tiba ya akili, magereza yapungue hatua kwa hatua. Aliyeuliwa mwanawe ana haki ya kuuliza muuaji atapelekwa wapi, na mimi naona bado hajajibiwa vya kutosha.