Mapazia mawili ndani ya kamera

Nilipiga harusi Kisauni kwa flashi. Kila picha imekuja na utepe mweusi upande mmoja, hata kwenye uso wa bi harusi. Kamera imekufa?

Haijafa, ndugu yangu. Umezidisha kasi ya shata. Shata ya kamera kama yako ni mapazia mawili mbele ya sensa, kile kipande kinachopokea picha: la kwanza hufunguka, la pili hufuata nyuma kufunga. Kwa 1/125 ya sekunde kuna kipindi ambacho sensa yote iko wazi, na hapo ndipo flashi humulika. Ukipanda hadi 1/1000, pazia la pili huanza safari kabla la kwanza halijafika. Kinachopita ni mwanya mwembamba tu, na flashi, kwa upesi wake, huukuta mahali pamoja. Penginepo pameshazibwa. Kamera nyingi kikomo chake kwa flashi ni 1/200 au 1/250.

Kama kamera yako ni ya kioo ndani (DSLR), toa lenzi, weka sekunde 1, bonyeza. Kioo kitaruka, pazia litashuka, utaiona sensa inang'aa, kisha tap! imefungwa. Usitie kidole.

Mbona pangaboi la sebuleni kwenye video ya simu lina mapanga yaliyopinda kama ndizi?

Simu yako haina pazia. Ule mlio wa "klik" unatoka kwenye spika, ni mbwembwe tu. Sensa husomwa mstari kwa mstari. Ukifika mstari wa mwisho, panga limeshasogea.

Na ile mistari ya giza nikipiga ukumbini chini ya taa?

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi zaidi, sehemu nyingine za picha hukuta taa imefifia. Shuka hadi 1/100 au 1/50.

Nanunua kamera ya mtumba hapa mjini. Muuzaji anasema imepiga picha 80,000 tu. Niamini?

Hiyo "tu" ni yake. Shata nyingi hupimwa kiwandani kwa picha 100,000 au 200,000, ingawa nyingine huvuka na nyingine hukwama mapema. Yangu ilikwama ufukweni Nyali katikati ya harusi, nikamalizia kwa simu, aibu niijuayo mwenyewe. Usibishane naye juu ya hesabu. Mwambie akupe kamera, piga ukuta mweupe wenye mwanga wa jua kwa 1/4000, mara kumi. Upande mmoja ukiwa na giza kuliko mwingine, mapazia hayakimbii sawa. Mrudishie, umshukuru, uondoke.