Kabla Hujaitupa Hiyo TV, Iwashie Tochi

Watu wakiniomba ushauri kuhusu TV iliyowaharibikia, jambo la kwanza wanalonitajia ni umri. "Ina miaka minane sasa, si bora ninunue nyingine?" Umri tutaufikia. Kwanza nataka kujua kilichokufa ni nini, kwa sababu TV kuukuu iliyoungua bodi ya umeme bado ina maisha, ilhali ya mwaka jana iliyopasuka kioo mara nyingi ndiyo imekwenda.

Tuanze na kioo maana hakina mjadala. Kwenye TV bapa, kioo ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya gharama ya TV nzima. Ukikiagiza peke yake, ukaongeza na pesa ya ufundi, unakuta umefika kwenye bei ya TV mpya ya inchi zilezile, au umeipita. Kwa hiyo ukiona nyufa zimetawanyika kutoka sehemu moja na weusi umevuja pembeni yake, usihangaike kutafuta fundi wa bei nafuu. Hakuna gundi ya hiyo kazi.

Mistari ya wima ni ndugu wa tatizo hilo. Ukingoni mwa kioo kuna vipande vyembamba vya filamu vinavyopeleka mawasiliano kutoka kwenye bodi hadi kwenye kioo, na vimegandishwa hapo kwa joto. Kimojawapo kikianza kuachia unapata mstari, kisha miwili, kisha eneo zima. Wapo mafundi wanaobana sehemu hiyo kwa sponji au tepu na mstari ukapotea. Nilifanyiwa hivyo kwenye TV yangu ya zamani: mstari wa kijani upande wa kushoto ulitoweka, baadaye ukarudi na wenzake. Fundi alishanieleza mapema kwamba ni kusogeza siku tu, na siku zilisogea kweli. Ushauri wangu ni kwamba mstari mmoja ulio pembeni uvumilie bila kumlipa mtu chochote, huku ukiweka akiba ya TV nyingine.

Sasa tuje kwenye kesi inayowafanya watu watupe TV zisizostahili kutupwa: sauti ipo, picha hakuna. Unabadilisha chaneli, unasikia mtangazaji mwingine, lakini kioo ni cheusi tii. Wengi hapo husema kioo kimekufa. Subiri usiku au zima taa za chumbani, washa tochi ya simu, isogeze karibu kabisa na kioo kwa pembeni, kisha tazama kwa makini. Ukiona picha hafifu inacheza humo ndani, vivuli vya watu vikitembea, kioo ni kizima. Kilichokufa mara nyingi ni taa zinazokaa nyuma yake.

Kioo cha LCD, kile cha TV bapa nyingi, hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna mikanda ya taa ndogondogo za LED, na taa za mkanda mmoja huungwa kwa mfululizo, mithili ya watu waliojipanga wakipokezana ndoo ya maji: mmoja akiondoka, ndoo haiwafikii waliobaki. Taa moja ikikatika, zote zilizoungwa nayo zinazima, na TV nyingi zikigundua hitilafu hiyo huzima mwanga wote ili kujilinda. Ndiyo maana unaweza kuiona nembo ya kampuni kwa sekunde moja au mbili, halafu giza. Kuna dalili zinazotangulia pia. Picha inaweza kugeuka bluu au zambarau kwa sababu taa zimechoka. Au unaona madoa meupe ya mviringo yaliyotulia palepale hata picha ikibadilika. Hivyo ni vilenzi vidogo vilivyobandikwa juu ya taa, gundi imeachia vikadondoka. (TV za OLED haziko kwenye hadithi hii. Kila nukta ya kioo chake hujitolea mwanga wenyewe, hivyo jaribio la tochi halikuambii kitu.)

Ugonjwa huu mimi huwa nasema tengeneza, karibu kila mara. Mikanda ya taa si ghali. Ugumu uko kwenye kazi yenyewe. Fundi lazima afungue fremu, anyanyue kioo chembamba mno bila kukipinda, aondoe karatasi za kusambaza mwanga kwa mpangilio na kuzirudisha kwa mpangilio uleule bila vumbi wala alama za vidole. Nilikaa pembeni nikitazama yangu ikifanyiwa hivyo. Alikilaza kioo juu ya meza iliyotandikwa shuka, akagusa taa moja baada ya nyingine kwa kipimo chake, zikawaka zote isipokuwa moja iliyokuwa na doa jeusi katikati. Nikadhani tutabadilisha hiyo moja tu. Akakataa, na alikuwa sahihi: zilizobaki zimefanya kazi saa zilezile kwenye joto lilelile, na foleni ya kufa zimeshaipanga. Ukibadilisha, badilisha mikanda yote, vinginevyo utarudi na utalipa ufundi mara ya pili. Lakini kadiri inchi zinavyoongezeka, ndivyo hatari ya kupasua kioo kazini inavyopanda. Kwa TV kubwa sana, nenda kwa fundi ambaye ameshazizoea saizi hizo, na mkubaliane kabla: kioo kikipasuka mikononi mwake, nani analipa?

TV ikirudi nyumbani, ingia kwenye menyu ya picha ushushe mwanga wa taa za nyuma (Backlight). Usichanganye na kile kipengele cha mwangaza (Brightness), ambacho kwenye TV nyingi hubadilisha tu jinsi weusi unavyoonekana. TV nyingi zikiwa kwenye mtindo wa picha kali taa hupewa nguvu karibu yote, mtindo unaopendeza dukani chini ya taa kali lakini sebuleni hauna kazi. LED zinazopata umeme kidogo hupata joto kidogo na hudumu zaidi. Hata kama TV yako haijaharibika bado, fanya hivyo leo.

Hitilafu za umeme ni rahisi zaidi. TV haiwaki kabisa, au taa nyekundu inapepesa bila kuendelea, au inachelewa kuwaka na kila wiki ucheleweshaji unazidi. Mara nyingi mkosaji ni kapasita, kile kimkebe cha mviringo kwenye bodi ya umeme ambacho kifuniko chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kuvuja majimaji, kazi yake imekwisha. Kapasita ni spea ya bei ndogo kabisa, na hata kubadilisha bodi nzima ya umeme huwa nafuu sana kuliko kununua TV mpya. Ila usifungue mwenyewe kwa sababu umeona video. Kapasita kubwa ya bodi hiyo inaweza kubaki na mamia ya volti baada ya plagi kuchomolewa. TV za chogo ndizo za kuogopa zaidi, maana bomba la picha la rangi hutumia volti zaidi ya 20,000 na linaweza kushikilia chaji hata TV ikiwa imechomolewa.

Bodi nyingine nizipitie haraka. Nusu ya picha ikipotea, au rangi zikavurugika huku sauti ikiwa sawa, mtuhumiwa wa kwanza ni bodi ya tikoni (T-con), ile inayokipangia kioo mawasiliano ya picha, au utepe wake, na inafaa ijaribiwe kabla ya kukishtaki kioo. TV inayojizima na kujiwasha, kuganda kwenye nembo, au kukataa tundu zote za HDMI mara nyingi ina shida kwenye bodi kuu. Hapo bei hutegemea sana modeli. Na kabla ya yote hayo, hakikisha ni TV kweli iliyoharibika: badilisha waya wa HDMI, jaribu soketi nyingine, chomoa TV kwa dakika kadhaa kisha rudisha. Rimoti ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze kitufe chochote. Kama ni nzima, kamera nyingi zitaonyesha kinuru ambacho macho hayakioni.

Ukishajua kilichokufa, ndipo hesabu inapoanza. Kuna kanuni inayorudiwa sana kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya TV mpya, nunua. Naikubali kwa marekebisho. Nusu hiyo ni ya bei ya leo ya TV inayokutosha, si ya pesa uliyotoa zamani. TV zimeshuka bei mno, kwa hiyo kukumbuka uliinunua kwa gharama kubwa hakukusaidii kitu. Hapa ndipo umri nao unaingia. Kwa TV iliyovuka miaka kumi, mimi nashusha ile nusu hadi robo, maana ukishalipia taa, bodi ya umeme ina umri uleule. Spea nazo hukauka. Hata Umoja wa Ulaya, ambao tangu 2021 unawalazimisha watengenezaji kuweka akiba ya spea muhimu za TV, muda unaodai ni miaka 7 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Baada ya hapo unategemea bodi zilizotolewa kwenye TV zilizopasuka.

Kuna sababu moja ya kununua ambayo siikubali kabisa: programu za intaneti kugoma. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za mwaka 2010 na 2011, na vioo vyake vilikuwa havina kasoro yoyote. Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI kinairudisha TV ya namna hiyo kazini kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya. Vivyo hivyo kwa isiyopokea matangazo ya dijitali, king'amuzi kinatosha. Ukiwa na TV ya plazima, hilo ni suala jingine. Zinakula umeme mwingi, watengenezaji wakubwa waliziacha kufikia 2014, na ikiharibika bodi sikushauri uisake.

Kwa fundi, muulize maswali machache kabla hajashika bisibisi. Kipi kimeharibika na umejuaje? Unabadilisha kijisehemu au bodi nzima? Spea ni mpya au imetoka kwenye TV nyingine? Dhamana ni ya muda gani? Mwombe akurudishie kilichoharibika. Fundi mzuri hachukizwi na maswali hayo, na anayejibu "iache tu, nitaiangalia" bila kutaja gharama ya uchunguzi, mimi huibeba TV yangu nikaondoka nayo.

Na ukiamua kununua, ya zamani usiitupe jalalani. TV iliyopasuka kioo ina bodi nzima ndani yake, na mafundi huzinunua kwa ajili ya spea. Kabla hujaikabidhi, ifute na kuirudisha ilivyotoka kiwandani, maana akaunti zako za video bado zimo humo. Kama kioo hakionyeshi kitu, fungua akaunti hizo kwenye simu, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na uiondoe TV hiyo.