Mashapo si kuharibika
Ndugu, unayetaka kuumwaga mvinyo wako kwa sababu ya mashapo, usiumwage. Hayo mashapo chini ya chupa yako ya Montepulciano d'Abruzzo, mvinyo mwekundu wa Italia, hayamaanishi mvinyo umeharibika. Mara nyingi ni kwamba haukuchujwa. Chukua mfano wa mtengenezaji mvinyo Emidio Pepe, aliyeanza kutia mvinyo wake kwenye chupa mwaka 1964 huko Torano Nuovo, mkoani Abruzzo, Italia. Zabibu nyekundu hutolewa vikonyo kwa mikono juu ya wavu, huchachuka kwa hamira yake yenyewe ndani ya matangi ya saruji yenye kioo kwa ndani, bila kuongezwa salfaiti, yaani kemikali ya kuhifadhi mvinyo. Chupa zikishakaa miaka, mvinyo humiminwa kwa mkono, chupa hadi chupa, mashapo yabaki nyuma. Kazi hiyo naipenda mno! Chupa yako isimamishe siku nzima, kisha mimina polepole.